UZI: Kabla ya kusema "tunahitaji FBI yetu", soma jinsi FBI yenyewe ilivyochagua watu wake

1/ Kila usajili wa makurutu wa polisi ukitangazwa, au kesi kubwa ya ufisadi ikiporomoka kortini kwa kukosa ushahidi, lazima mtu aseme: "Sisi tunahitaji FBI yetu." Wa mrengo huu husema, wa mrengo ule husema. Wakibadilishana viti, bado wanasema. Leo tuangalie hiyo FBI yenyewe: inachukua watu gani, ilianza lini kuchukua watu wa aina hiyo, na ni nani aliamua. Kama kawaida ya hapa, hakuna jina la mwanasiasa wala chama, wa huku au wa huko.

2/ Hoja yangu naisema mapema ili usiseme nimekuzungusha. Masharti mengi ya kuingia kwenye vyombo vya usalama vya Marekani yalizaliwa na kashfa au kesi. Lakini masharti ya kuingia yalitibu ugonjwa mmoja tu, ule wa kuajiriana kwa kujuana. Ugonjwa wa pili, yaani nani anamchunga yule anayeweka masharti, ulichukua karibu miaka 50 zaidi. Kwenye mijadala yetu tunapenda kuongea juu ya ule wa kwanza tu.

3/ Kwanza tuelewane kuhusu neno "shirikisho". Marekani kila jimbo lina sheria zake na polisi wake, na miji na kaunti pia zina polisi wao. Ukihesabu vyombo vyote vya polisi kule vinafika kama 18,000. FBI si mkubwa wa hao wote. Ni chombo cha serikali kuu, chini ya Wizara ya Sheria, kinachochunguza makosa ya sheria za serikali kuu: ugaidi, ujasusi wa kigeni, ufisadi wa maafisa wa umma, utekaji nyara na mengineyo. Secret Service inalinda rais na kupambana na noti bandia. CIA inakusanya habari za nje ya nchi na haina ruhusa ya kukamata mtu.

4/ Sasa hayo masharti. Kwa miaka mingi, anayetaka kuwa ajenti wa FBI ametakiwa awe raia wa Marekani, awe na miaka 23 au zaidi na hajafika 37, awe na digrii, na awe amefanya kazi ya kitaaluma kwa angalau miaka miwili. Halafu kuna mtihani, mahojiano, mbio na zoezi la kupiga pushapu, mashine ya kupima uongo, na kupigwa msasa kwa undani: madeni, majirani, waajiri wa zamani, safari, dawa za kulevya. Akipita hapo anaenda Quantico, Virginia, kwa miezi kadhaa. Akihitimu anapelekwa kituo ambacho kwa kawaida si yeye anayekichagua.

5/ Watu huuliza, kwa nini 37? Si ubaguzi wa umri? Jibu ni hesabu tu. Ajenti hulazimika kustaafu akiwa na miaka 57, na ili apate pensheni kamili ya kazi hiyo anahitaji miaka 20 kazini. Toa 20 kwa 57. Nimelianza hilo kwa sababu ni mfano mzuri: sharti linaloonekana la ajabu ukilitazama peke yake lina mantiki ukijua lilitoka wapi. Sasa twende kwa yale yaliyotoka kwenye mambo machafu.

6/ Rudi 1881. Rais wa Marekani anapigwa risasi na mtu aliyeamini kwamba, kwa kuwa aliupigia debe upande ulioshinda, anadaiwa kazi ya ubalozi huko Paris. Alikuwa amezungushwa ofisi hadi ofisi akiomba. Wakati ule huo ndio uliokuwa utaratibu: ukishinda uchaguzi unafukuza watumishi wa waliotangulia na kuweka watu wako, kuanzia karani wa posta kwenda juu. Rais alifariki baada ya wiki kadhaa. Mwaka 1883 Kongresi ikapitisha sheria ya utumishi wa umma: baadhi ya kazi zitatolewa kwa mtihani, na mwenye kazi hizo hafukuzwi kwa sababu za kisiasa.

7/ Angalia neno "baadhi". Sheria hiyo ilianza na sehemu ndogo ya kazi za serikali, na kazi ya upelelezi ilichelewa kuguswa. Serikali kuu haikuwa hata na wapelelezi wa kutosha. Secret Service ilikuwepo tangu 1865, lakini iliundwa chini ya Wizara ya Fedha kupambana na noti bandia. Wizara ya Sheria ikitaka uchunguzi, ilikodi wapelelezi binafsi. Kampuni maarufu zaidi ilikuwa Pinkerton, ambayo matajiri pia waliikodi kuvunja migomo ya wafanyakazi.

8/ Mwaka 1892 wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Homestead, Pennsylvania, waligoma. Mamia ya walinzi wa Pinkerton waliletwa kwa mashua, risasi zikalia, watu wakafa pande zote mbili. Mwaka uliofuata Kongresi ikapiga marufuku serikali kuu kuajiri watu wa Pinkerton. Basi Wizara ya Sheria ikaanza kuazima maajenti wa Secret Service. Fikiria mwendesha mashtaka wa taifa anaazima wapelelezi kama mtu anavyoazima wilbaro kwa jirani.

9/ Halafu 1908 Kongresi ikakataza na kuazima pia. Sababu waliyoitoa hadharani ilikuwa nzuri: hatutaki polisi wa siri kama wa wafalme wa Ulaya. Lakini kulikuwa na nyingine ambayo wengi waliiona: muda mfupi kabla ya hapo, wapelelezi hao wa kuazima walikuwa wamesaidia kufichua wizi wa ardhi ya umma huko Oregon, na seneta mmoja alipatikana na hatia. Kwa hivyo hofu ya kweli na maslahi ya wakubwa vilisafiri kwenye gari moja. Mkenya yeyote anayefuatilia Bunge lake hatashangaa.

10/ Mwanasheria Mkuu wa wakati ule hakusubiri. Julai 1908 aliunda kikosi chake mwenyewe cha maajenti 34, baadhi yao wakiwa wametoka Secret Service. Hakukuwa na sheria mahsusi ya kukianzisha, ni amri ya ofisi tu. Hicho ndicho kikosi kilichokuja kuitwa FBI mwaka 1935. Kwa hivyo chombo tunachotamani kuiga kilizaliwa kwa amri ya afisa mmoja, huku wabunge wakinung'unika.

11/ Kufikia miaka ya mwanzo ya 1920 kikosi kilikuwa kimeoza. Kazi zilitolewa kwa barua ya mkubwa fulani. Mfano unaojulikana ni Gaston Means. Mwaka 1917 alishtakiwa kwa mauaji ya mjane tajiri, akaachiliwa. Kabla ya hapo alikuwa amewafanyia Wajerumani kazi ya ujasusi. Pamoja na hayo yote, 1921 akapewa beji ya serikali kuu. Baadaye alifungwa kwa hongo, na 1932 akamtapeli mama mmoja tajiri akidai anaweza kumrudisha mtoto maarufu aliyetekwa nyara. Mtu kama huyo aliingia kwa sababu hapakuwa na sharti lolote la kumzuia. Alijua mtu, basi.

12/ Kashfa zilipolipuka, Mwanasheria Mkuu mpya akaingia 1924 na kumpa kazi ya usafi kijana wa miaka 29, J. Edgar Hoover. Naweza kumtaja kwa sababu hakuwahi kugombea kiti. Alikuwa mtumishi wa umma aliyesoma sheria masomo ya jioni. Makubaliano yalikuwa haya: siasa nje, watu waingie kwa sifa, wapande cheo kwa kazi, na mkurugenzi awajibike kwa Mwanasheria Mkuu peke yake. Kikosi kilikuwa na maajenti 441. Hoover akaanza kuwatimua wale walioingia kwa mgongo wa mtu.

13/ Hapa ndipo ile FBI ya sinema ilipoanza. Hoover alipendelea waliosomea sheria au uhasibu. Kufikia 1928 alikuwa na kozi rasmi ya mafunzo kwa maajenti wapya na umri wa kuingia kati ya 25 na 35. Aliondoa kupandisha watu vyeo kwa sababu tu wamekaa muda mrefu, akaweka tathmini moja kwa wote. Alituma wakaguzi vituoni bila taarifa. Akakusanya alama za vidole za nchi nzima mahali pamoja, na 1932 akafungua maabara. Tuseme ukweli, kazi hiyo ilikuwa nzuri. Ukilinganisha na enzi za Gaston Means, ni mbingu na ardhi.

14/ Mtu wa "tunahitaji FBI yetu" husimama hapo kwenye post ya 13 na kushuka jukwaani akipigiwa makofi. Mimi naomba uendelee kusoma, kwa sababu masharti yale yale yaliyofungia nje watu wa Gaston Means yalifungia nje na wengine.

15/ Hoover alipochukua ofisi 1924 alikuta maajenti wanawake wawili, Alaska Davidson na Jessie Duckstein. Wote wawili waliombwa kujiuzulu mwaka huo. Wa tatu, Lenore Houston, aliajiriwa 1924 na kuondoka 1928. Baada yake hakukuwa na ajenti mwanamke hata mmoja kwa miaka 44. Wanawake waliajiriwa, ndio, lakini kupiga chapa na kupanga mafaili. Hoover alikufa Mei 1972. Julai ya mwaka huo huo wanawake wawili waliingia Quantico: Joanne Pierce, aliyewahi kuwa mtawa, na Susan Roley, aliyetoka jeshi la Marine. Sheria ya usawa wa ajira ilikuwa imepanuliwa mwaka ule kuwahusu watumishi wa serikali kuu. Ila mwili wa mzee ulikuwa bado haujapoa vizuri, na sharti la miaka 44 likawa limeyeyuka. Lilikuwa sharti la kazi au la mtu?

16/ Waafrika wa Marekani hadithi yao ni chungu zaidi. James Wormley Jones, anayetambuliwa kuwa ajenti wa kwanza mweusi, aliajiriwa 1919. Alikuwa kapteni wa jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia na polisi wa Washington. Sifa zote alikuwa nazo. Kazi aliyopewa? Kujipenyeza kwenye UNIA, harakati ya Marcus Garvey, na kuripoti. Garvey yule ambaye gazeti lake lilivuka bahari hadi makoloni ya Afrika, na serikali kadhaa za kikoloni zikalipiga marufuku. Mwaka 1923 Garvey alipatikana na hatia ya ulaghai kwa njia ya posta, na 1927 akafukuzwa nchini. Kwa hivyo mlango ulifunguliwa kwa mtu mweusi pale ambapo rangi yake ilikuwa chombo cha kazi, halafu ukarudishwa. Kwa miongo iliyofuata waliopata cheo cha ajenti walikuwa wa kuhesabu, na mmoja wao alikuwa dereva wa Hoover mwenyewe.

17/ Sasa lile jambo ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote, na husikii likitajwa. Maajenti wa FBI hawako chini ya utaratibu wa kawaida wa ajira za serikali kuu uliotokana na sheria ile ya 1883. Wana utaratibu wao wa pembeni. Hoover aliupigania, akisema anahitaji uhuru wa kuchagua walio bora na kuwatoa wabovu haraka. Inasikika vizuri, na mwanzoni ilisaidia. Lakini maana yake ni kwamba ajenti aliyemkera mkurugenzi hakuwa na mahali pa kulilia. Kulikuwa na kanuni za suti, za shati jeupe, hata za uzito wa mwili. Ukikosea unapelekwa kituo cha mbali. Watu wakajifunza kunyamaza.

18/ Kikosi cha wanasheria na wahasibu, wasomi, wasiokula rushwa, walionyamaza. Walifanya nini? Kati ya 1956 na 1971 waliendesha mpango wa siri ulioitwa COINTELPRO. Waliingilia vikundi vya kisiasa, wakachochea ugomvi ndani yake, wakavunja ndoa na kazi za watu. Mwaka 1964 walimtumia Martin Luther King barua isiyo na jina pamoja na kanda za mambo yake ya faragha, barua ambayo yeye na wenzake waliielewa kuwa inamsukuma ajiue. Barua hiyo haikuandikwa na jambazi aliyeingia kwa kujuana. Ilitoka ofisi ya watu waliopita mtihani wote.

19/ Ilijulikanaje? Si kwa mkaguzi wa ndani. Machi 1971 raia wa kawaida walivunja ofisi ndogo ya FBI huko Media, Pennsylvania, wakabeba mafaili na kuyatuma kwa magazeti. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ikaanza kuchunguza FBI, CIA na wenzao, na mambo yakamwagika. Ndipo dawa ya ugonjwa wa pili ikaja: 1976 sheria ikamwekea mkurugenzi wa FBI kipindi kimoja cha miaka 10. Hoover alikaa 48. Mwaka 1978 ikaja sheria ya kutaka kibali cha mahakama maalum kabla ya kusikiliza mawasiliano ya watu ndani ya nchi kwa sababu za ujasusi. Kamati za kudumu za kusimamia ujasusi zikaundwa Kongresini. Kutoka 1924 hadi 1976 ni miaka 52.

20/ CIA nayo? Iliundwa 1947, na sheria yake ikasema wazi kwamba haitakuwa na mamlaka ya polisi. Wabunge waliogopa kuunda chombo kinachokusanya siri za watu na pia kuwakamata. Lakini kwenye kuajiri ilirithi tabia za OSS, shirika la ujasusi la Vita vya Pili, lililojaa watoto wa familia kubwa hadi herufi zake zikageuzwa kuwa utani juu ya watu wa tabaka la juu. Miaka ya 1950 njia ya kuingia ilikuwa profesa wako wa Yale au Princeton kukugusa bega. Hakuna tangazo gazetini. Huko ndiko kujuana kwa watu waliosoma, na kwa sababu wamesoma, hakuna aliyekuita ufisadi.

21/ Madhara ya kuchukua watu wa aina moja yalionekana baadaye, na sisi tulikuwa karibu. Agosti 7, 1998 bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani, Nairobi, na jingine Dar es Salaam. Watu 224 walikufa, wengi mno wao Wakenya. FBI ilimwaga mamia ya watu huku kuchunguza. Lakini hata miaka miwili mitatu baadaye, shirika zima lilikuwa na maajenti wanane tu waliozungumza Kiarabu, mmoja wao Ali Soufan, mzaliwa wa Lebanon. Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 iligundua kwamba mwaka 2002 vyuo vikuu vyote vya Marekani vilitoa digrii sita tu za Kiarabu. Ukichuja watu kwa vigezo vya jana, leo unakosa anayeelewa simu inayoongelewa.

22/ Kuhusu mashine ya kupima uongo, ambayo huku pia kuna watu wanaipigia debe kama dawa ya ufisadi: Aldrich Ames wa CIA aliwauzia Wasovieti siri kuanzia 1985, akapimwa 1986 na 1991, akapita zote mbili. Alikamatwa 1994. Robert Hanssen wa FBI alianza kuuza siri 1979 na kukamatwa 2001. Yeye hakuwahi kupimwa hata siku moja katika kazi yake yote FBI. Alikuwa na shahada ya uzamili, mtu wa familia, mtu wa kanisa. Kwenye karatasi hakuna aliyemzidi. Ames alikuwa na nyumba na gari ambavyo mshahara wake haungeweza kununua, na wenzake waliviona kila siku.

23/ Na ukishaingia, je? Njia ya kupanda ina siasa zake pia. Miaka ya 1980 maajenti wenye asili ya Kilatino, zaidi ya 300, waliishtaki FBI. Walisema kwa kuwa wanajua Kihispania, wanarundikwa kwenye kazi ya kusikiliza simu na kujipenyeza, kazi zisizompandisha mtu cheo, huku wenzao wanapewa uongozi wa kesi. Mwaka 1988 jaji wa shirikisho huko Texas akakubaliana nao. Maajenti weusi wa Secret Service walifungua kesi 2000, na ikamalizwa 2017 kwa malipo ya dola milioni 24. Miaka 17. Sharti la kuingia linaweza kuwa sawa kwa wote, halafu ngazi ndani ya nyumba ikawa na vidato vya watu fulani.

24/ Sasa turudi nyumbani. Hatuko mikono mitupu kama mijadala inavyofanya tuonekane. Katiba ya 2010, kifungu cha 245, inasema Inspekta Jenerali ana kipindi kimoja cha miaka minne, na hakuna mtu anayeruhusiwa kumwelekeza achunguze nani au aajiri nani. Kifungu cha 246 kinataka muundo wa polisi uonyeshe sura ya maeneo na jamii zote za Kenya. Ujasusi ulitolewa mikononi mwa polisi kwa sheria ya 1998, na majasusi wakaondolewa mamlaka ya kukamata. Hilo halikuwa pambo la kisheria. Lilitokana na kilichofanyika na Special Branch miaka ya 1980 kwenye vyumba vya chini vya Nyayo House.

25/ Na mahakama zetu zimewahi kuuma. Julai 2014 usajili wa makurutu kama 10,000 ulifanyika siku moja nchi nzima. Malalamiko ya hongo na upendeleo yakajaa, na mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, ikaenda kortini. Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikafuta zoezi lote, na 2015 Mahakama ya Rufaa ikakubali. Usajili ukarudiwa. Fikiria hilo kidogo: taasisi moja ya serikali ilishtaki nyingine juu ya nani anaajiriwa, ikashinda. Marekani walihitaji wezi wa mafaili kufika hapo.

26/ Najua jibu lako: "Lakini si bado watu wananunua nafasi?" Ndio. Kuna familia zinauza ng'ombe au kipande cha shamba ili kijana awe konstebo, na kijana huyo akiingia barabarani anaanza kurudisha pesa ya shamba kwa dereva wa matatu. Kwa hivyo ugonjwa wa kwanza bado tunao, sikatai. Sifa za kuingia ni muhimu. Mtu aliyenunua kazi hawezi kuwa huru, kwa sababu tayari ana mwenyewe.

27/ Ninachokataa ni ile ahadi ya jukwaani kwamba tukipandisha alama za KCSE, tukidai digrii, tukileta mashine na suti nyeusi, tutakuwa tumemaliza. FBI ya Hoover ilikuwa na digrii, suti na maabara. Iliyokosekana ilikuwa mtu wa kumwuliza Hoover swali na akalazimika kujibu. Usomi bila usimamizi ulizaa watu wanaojua kuficha vizuri zaidi.

28/ Kwa hivyo siku nyingine ukisikia mtu, wa mrengo wowote, akisema "FBI yetu", muulize maswali matano. Nani ataajiri? Nani anaweza kufuta uajiri huo? Mkubwa wake atakaa miaka mingapi? Afisa mdogo akipewa amri haramu, akikataa, atakimbilia wapi? Na bajeti ya wale wa kuwasimamia iko wapi? Akijibu la kwanza tu na kunyamaza kwa hayo mengine, ujue anataka kikosi, na anataka kiwe chake.

29/ Mwisho wa uzi. Mkitaka, wiki ijayo nitaandika juu ya historia ya Special Branch tangu enzi za ukoloni, maana maswali haya haya yaliulizwa na babu zetu kwa lugha nyingine. Ukiwa na swali weka hapa chini. Matusi wacha huko kwenu.